Tumbo, bakteria wake na kumbukumbu za mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifikia kutoka kwa watu wanaolea wazazi wao, kama mimi ninavyomlea mama yangu mwenye miaka 79. Mengi huanza na habari waliyoisikia mahali: kwamba kusahau kunaanzia tumboni, kwamba kuna kidonge cha bakteria wazuri kinachorudisha kumbukumbu, kwamba sindano za kupunguza uzito zinakinga ubongo. Ndani ya habari hizo mna ukweli, na mna chumvi nyingi. Nimejaribu kutenganisha viwili hivyo, maana anayeumia na chumvi hiyo ni mzee na yule anayemlea.

## Tumbo na ubongo vinahusiana vipi hasa?

Kwa njia kubwa tatu. Ya kwanza ni neva. Ipo neva ndefu iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Wengi hudhani kazi yake ni kupeleka amri chini. Kumbe takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari juu: tumbo limejaa, tumbo li tupu, kuna kitu kibaya kimeliwa.

Njia ya pili ni damu. Utumbo hutengeneza homoni, yaani kemikali za kupeleka ujumbe, na kuzimwaga kwenye damu, nazo hufika hadi kichwani. Ya tatu ni kinga ya mwili. Sehemu kubwa ya chembe za kinga hukaa kwenye ukuta wa utumbo, kwa sababu hapo ndipo vitu vya nje hukutana na mwili kila siku. Ukuta huo ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya, na kinga hukaa katika hali ya mapambano muda wote bila kuwa na adui wa kweli. Kijana huenda asihisi lolote. Ubongo uliozeeka hauvumilii hali hiyo kwa urahisi.

## Homoni za utumbo ndizo zipi?

Wengi wakisikia homoni hufikiria uzazi au kisukari. Lakini neno lenyewe lilizaliwa kutokana na utumbo. Mwaka 1902 wanasayansi wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kwamba utumbo hutoa kemikali inayosafiri kwa damu hadi kwenye kongosho na kuliamuru litoe maji yake ya kumeng'enya chakula, hata neva zikiwa zimekatwa. Kemikali hiyo wakaiita sekretini, na miaka mitatu baadaye Starling akaanza kulitumia neno homoni.

Leo zinajulikana nyingi. Zinazotajwa zaidi katika habari za ubongo ni chache: grelini, inayotoka kwenye tumbo tupu na kuleta njaa, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, kolesistokinini, inayotoka mafuta na protini zinapofika kwenye utumbo mdogo na kukwambia umeshiba, na GLP-1, inayotoka zaidi sehemu za mwisho za utumbo, inayochochea kongosho litoe insulini na pia kupunguza hamu ya kula.

GLP-1 ya mwilini haidumu. Ndani ya dakika moja au mbili nusu yake imeshavunjwa. Hata hivyo ina mahali pa kushikia kwenye ubongo, ikiwemo hipokampasi, ile sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya na ambayo Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, huishambulia mapema. Grelini nayo ina nafasi yake hapo hapo. Kwenye panya, kuongezwa grelini kuliongeza viunganishi kati ya seli za hipokampasi na kuwafanya wafaulu zaidi majaribio ya kumbukumbu. Nasisitiza: kwenye panya. Mtu akikuletea habari nzuri ya ubongo, swali la kwanza liwe hilo: ni kwa watu au kwa panya?

## Na bakteria wanaingiaje kwenye habari ya homoni?

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote.

Mtu mzima ana bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana. Idadi hiyo inakaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe, ingawa ukiwapima wote uzito wao ni kama gramu 200 tu. Kazi yao kubwa ni kula kile ambacho sisi tumeshindwa kumeng'enya, yaani nyuzinyuzi za kwenye mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde.

Wakizila, hutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana. Ikipungua, ukuta unadhoofika. Lakini asidi hizo hufanya jambo la pili: hugusa seli maalumu za utumbo, nazo zikiguswa hutoa GLP-1 na homoni nyingine za shibe. Kwa hiyo sahani ya maharage aliyokula mzee mchana huendelea kufanya kazi saa nyingi baadaye, wakati yeye amekwisha kuisahau. Bakteria wanakula, ukuta unalishwa, homoni zinatoka, neva ya vagasi inapeleka habari juu. Ni mnyororo mmoja. Ndiyo maana hainiingii akilini watu wakizungumzia bakteria kama dawa ya kumeza huku hawataji kabisa bakteria hao watakula nini.

## Tumbo la mzee linabadilika vipi?

Hupoteza kasi. Chakula hukaa tumboni muda mrefu kidogo, utumbo mpana husukuma taratibu zaidi, na homoni ya shibe, kolesistokinini, huwa juu kuliko kwa vijana. Mzee anapokwambia "nimeshiba" baada ya vijiko vinne, mara nyingi hadeki. Ameshiba kweli.

Bakteria nao hubadilika, lakini umri peke yake si sababu kubwa kama tulivyodhani. Watafiti wa Ireland walichapisha mwaka 2012 matokeo ya wazee 178. Walichokikuta ni kwamba bakteria wa wazee walioishi nyumbani kwao walikuwa wa aina nyingi na wanafanana na wa watu wenye umri mdogo zaidi, ilhali wale waliokaa muda mrefu kwenye nyumba za kulelea wazee walikuwa na aina chache. Tofauti hiyo ilikwenda sambamba na chakula chao, na pia na udhaifu wa mwili. Chakula laini, kilekile, kilichopondwa kila siku, huua njaa ya mzee na huwanyima bakteria wake chakula pia.

## Je, imethibitishwa kwamba bakteria wa tumboni huleta Alzheimer?

Hapana.

Kinachojulikana ni hiki. Watu wenye Alzheimer wana mchanganyiko wa bakteria unaotofautiana na wa wazee wenzao. Utafiti wa Marekani wa 2017 ulilinganisha wagonjwa 25 na watu 25 wasio na ugonjwa, na ukakuta aina chache zaidi kwa wagonjwa. Mwaka 2023 watafiti wengine wa Marekani walikwenda hatua ya mbele: walichunguza watu ambao bado kumbukumbu zao zilikuwa timamu, wakakuta tofauti za bakteria kwa wale ambao vipimo vya ubongo na uti wa mgongo vilionyesha kuwa ugonjwa umeanza kimyakimya. Hilo ni jambo kubwa kidogo, kwa sababu linaonyesha tofauti hiyo haisubiri mgonjwa aanze kula vibaya au kusahau kula.

Mwaka huohuo, watafiti wa Ireland na wenzao walichukua bakteria kutoka kwa watu wenye Alzheimer wakawapandikiza kwenye panya wakubwa wa maabara, vijana na wazima. Panya wale wakaanza kushindwa majaribio ya kumbukumbu yanayotegemea seli mpya za hipokampasi.

Sasa, hesabu inakwama wapi? Ugonjwa wa ubongo huchukua miaka 15 au 20 kabla haujaonekana. Katika muda huo mtu hubadilisha mlo, hupoteza uwezo wa kunusa, hupunguza kutembea, huanza dawa mpya. Kila kimoja hubadilisha bakteria. Kwa hiyo kukuta bakteria tofauti kwa mgonjwa hakukwambii nani alimtangulia mwenzake. Inawezekana wote wawili wanasukumana, na mimi naelekea kuamini hivyo, lakini kuelekea kuamini si ushahidi.

## Kuna ugonjwa wowote ambao bakteria wa tumboni huvuruga akili, bila ubishi?

Upo, na ajabu ni kwamba hutajwa mara chache sana katika mazungumzo haya. Ni kuvurugika kwa akili kunakotokana na ini lililoharibika.

Bakteria wa utumboni wanapovunja protini hutoa amonia. Ini zima huisafisha amonia hiyo kabla haijafika kwenye damu ya mwili mzima. Ini lenye makovu hushindwa, na amonia hupanda hadi kwenye ubongo. Mgonjwa huanza kulala mchana na kukesha usiku, hujibu maswali polepole, mwandiko wake huharibika, mikono ikinyooshwa hupigapiga kama mabawa. Mwisho anaweza kupoteza fahamu.

Tiba yake ni ya tumboni. Hupewa laktulosi, sukari tamu ya maji isiyomeng'enywa, ambayo hubadilisha mazingira ya utumbo mpana ili amonia inaswe humo na kutoka na choo. Mara nyingi huongezwa rifaksimini, antibiotiki ambayo karibu yote hubaki ndani ya utumbo. Hakuna dawa ya ubongo iliyotolewa, na mtu aliyekuwa hamjui mwanawe humtaja tena kwa jina. Anayesema tumbo haliwezi kugusa akili hajauona ugonjwa huu. Lakini pia hauna uhusiano na kusahau kwa kawaida kwa wazee, kwa hiyo usianze kumnyima mzee protini kwa kuogopa amonia. Mzee anaihitaji protini kwa ajili ya misuli yake.

## Mama yangu alikuwa mzima. Ndani ya siku tatu amechanganyikiwa kabisa. Ni Alzheimer?

Karibu hakika siyo, na usisubiri. Alzheimer huja kwa miaka, si kwa siku. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee ni dalili kwamba kuna kitu kingine mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka, dawa, kiharusi, maumivu, kibofu kilichojaa, au choo kilichofunga. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kama uso umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa, usipoteze hata dakika.

Nitawaambia yaliyotupata. Mama yangu alianza kuchanganyikiwa jioni. Aliniita kwa jina la marehemu kaka yake, akawa anavuta shuka na kulikunja, kulikunjua, kulikunja tena. Mhudumu wa kwanza tuliyemwona alisema huo ni uzee, tuuzoee. Nilirudi nyumbani nikalia. Usiku ule nikipanga vitu vyake nikakuta karatasi ya vidonge vya mzio, karibu yote tupu. Alikuwa akimeza viwili kila usiku kwa zaidi ya mwezi kwa sababu "vinaleta usingizi". Asubuhi nikamuuliza kwa upole mara ya mwisho kupata choo ni lini. Alihesabu kwa vidole hadi akaanza mkono wa pili. Siku sita.

Vidonge vya mzio vya aina ya zamani, kama klofeniramini, huzuia kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyohiyo ndiyo inayosukuma utumbo, na ndiyo inayohitajika kichwani kwa ajili ya kumbukumbu na umakini. Ukiizuia, utumbo unalala na akili inaingia ukungu. Ziko dawa nyingine nyingi zenye tabia hiyo: amitriptilini, baadhi ya dawa za kibofu, baadhi ya dawa za usingizi na mafua zinazouzwa bila cheti. Daktari wa pili alizisimamisha, akamtibu choo, akamwongezea maji. Ilichukua siku nane mama kurudi kuwa mama.

Tangu hapo, mtu akinieleza kuwa mzee wake amebadilika, mimi huuliza mambo mawili kwanza: anameza nini, na choo kikoje.

Angalizo moja: dawa alizoandikiwa na daktari usizikate wewe mwenyewe. Nyingine zikikatwa ghafla huleta madhara. Zikusanye zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za dukani na za mitishamba, uende nazo.

## Sindano za GLP-1 zinakinga ubongo?

Hizi ndizo zile sindano za kupunguza uzito; ni dawa zinazoiga homoni ya GLP-1, na hutumika pia kwa kisukari. Matumaini yalikuwa makubwa, na yalikuwa na sababu. Watu wenye kisukari wanaotumia dawa za kundi hili walionekana kupata dimenshia (kupotea kwa kumbukumbu na akili, ambako Alzheimer ni aina yake mojawapo) mara chache zaidi kuliko wenzao wanaotumia dawa nyingine, na kwenye wanyama dawa hizi zilituliza kinga iliyochachamaa ubongoni. Ndipo kampuni ya Novo Nordisk ikafanya majaribio mawili makubwa ya semaglutaidi, moja ya dawa hizo, ila ya kumeza, kwa watu karibu 3,800 wenye Alzheimer ya mwanzo. Matokeo yalitangazwa Novemba 2025: dawa haikupunguza kasi ya ugonjwa ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa.

Hilo linafunga mlango mmoja, wa kutibu ugonjwa ulioanza. Mlango wa kukinga mapema, hasa kwa wenye kisukari, ni swali jingine. Kama mzee wako amepewa dawa hiyo kwa ajili ya sukari, aendelee nayo kwa sababu hiyo. Lakini kumchoma mzee mwembamba, asiye na kisukari, ili asisahau, ni kumnyima chakula. Dawa hizi hukata hamu ya kula, huleta kichefuchefu na kufunga choo, na uzito unaoshuka huondoka pamoja na misuli. Mzee aliyepoteza misuli huanguka.

## Baba hana hamu ya kula. Ni homoni au ni ubongo?

Vyote viwili vinawezekana, na mara nyingi sababu ni ya karibu zaidi: jino linauma, meno ya bandia yamelegea, mdomo mkavu kwa dawa, huzuni, upweke, choo kigumu, harufu ya chakula haimfikii. Anza na hizo.

Lakini uzito unaoshuka bila sababu usiuchukulie kuwa ni uzee. Kwa baadhi ya watu uzito huanza kupungua miaka kadhaa kabla ya dimenshia kugundulika. Mpime kila mwezi, asubuhi, kwa mizani ileile, uandike. Akipoteza kilo tatu au nne ndani ya miezi sita bila kukusudia, daktari ajue. Na kwa kuwa homoni ya shibe inamwahi, milo midogo mitano humfaa kuliko mitatu mikubwa. Chenye protini kitangulie, kabla hajajaza tumbo kwa uji au chai.

## Ninunue vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai?

Mimi sijanunua. Kuna jaribio la Iran la 2016 ambapo wagonjwa 60 wa Alzheimer walipewa maziwa yenye bakteria hai au maziwa ya kawaida kwa wiki 12, na waliopewa bakteria wakapata alama bora kidogo kwenye mtihani wa akili. Ni watu wachache na muda mfupi. Tatizo jingine ni kwamba "probiotiki" si dawa moja. Kopo hili lina aina hii, lile lina aina ile, na bakteria wengi waliomezwa hupita tu, hawaweki makazi.

Mtindi usio na sukari nyingi ni chakula kizuri kwa mzee, kwa ajili ya protini na kalisiamu pia. Ila kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, anayepata tiba ya saratani kwa mfano, au aliyelazwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, bakteria hai wa kopo wameshawahi kuingia kwenye damu na kuleta maambukizi. Huyo asipewe bila daktari kuridhia.

## Basi ale nini?

Hapa ushahidi umesimama vizuri zaidi, ingawa nao una mipaka yake.

Jaribio ninalolipenda lilifanywa na King's College London, likachapishwa 2024. Walichukua jozi 36 za mapacha wenye zaidi ya miaka 60. Wote walifanya mazoezi ya misuli na kupewa nyongeza ya protini. Pacha mmoja katika kila jozi alipewa unga wa nyuzinyuzi unaolisha bakteria, mwenzake unga usio na kitu. Baada ya wiki 12 nguvu za miguu hazikutofautiana, lakini waliopata nyuzinyuzi walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kumbukumbu, na bakteria wa kundi la Bifidobacterium waliongezeka tumboni mwao. Unga wenyewe ni wa bei ya chini na unatokana na mimea. Wiki 12 ni muda mfupi na mtihani si maisha. Bado, hawa ni watu, na ulinganisho ni wa mapacha.

Utafiti mwingine ulihusisha wazee 612 wa nchi tano za Ulaya, waliofuata kwa mwaka mzima mlo wa mboga nyingi, kunde, karanga, samaki na mafuta ya zeituni, au kubaki na mlo wao. Kadiri walivyoushika mlo huo, ndivyo walivyopata bakteria wanaotoa asidi fupi za mafuta, na mabadiliko hayo yalikwenda na udhaifu mdogo wa mwili na akili iliyo bora.

Haki inanitaka nitaje na lililokataa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya watu 604 waliofuatwa miaka mitatu, nusu wakila mlo uliobuniwa kwa ajili ya ubongo. Tofauti kati yao na wenzao haikuwa ya maana. Ila wale wenzao nao walisaidiwa kula kwa kiasi na kupunguza uzito, na makundi yote yaliboreka kidogo. Chakula peke yake, bila kutembea, bila kutibu shinikizo la damu, bila watu wa kuzungumza nao, kinabeba mzigo mzito mno. Nchini Finland, utafiti wa watu 1,260 uliochapishwa 2015 uliunganisha mlo, mazoezi, mazoezi ya akili na kufuatilia moyo na damu kwa miaka miwili, na hapo ndipo tofauti ilipojitokeza.

Kwa vitendo: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, na angalau gramu 400 za mboga na matunda. Wazee wengi wako mbali na hapo. Usimrukishe. Ongeza kitu kimoja kwa wiki: kijiko cha dengu ndani ya supu, kisha tunda lenye ganda, kisha nafaka isiyokobolewa. Ukienda haraka tumbo litajaa gesi na atakataa yote. Na nyuzinyuzi bila maji hugeuka zege, kwa hiyo kikombe kiwe karibu naye siku nzima, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo. Mwenye shida ya kumeza asipewe unga wa nyuzinyuzi mkavu kamwe. Unaweza kuvimba kooni.

## Dawa za kiungulia na za kisukari zinahusikaje na kusahau?

Kupitia vitamini B12. Ili ifyonzwe, B12 inahitaji asidi ya tumbo. Omeprazoli na ndugu zake wa kiungulia hupunguza asidi hiyo, na metformini ya kisukari ikitumiwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake. Ongeza tumbo la mzee ambalo ukuta wake umekonda, na upungufu unaingia polepole, kwa kuwa ini huwa na akiba ya miaka kadhaa. Dalili zake ni kusahau, ganzi miguuni, kuyumba, huzuni, na vinafanana sana na vile tunavyoviita uzee. Ni kipimo cha damu cha kawaida na tiba yake ni vidonge au sindano. Ikichelewa sana, baadhi ya madhara hayarudi. Omba kipimo hicho kwa jina.

## Serotonini nyingi hutengenezwa tumboni. Kwa hiyo tumbo zuri ni furaha?

Ni kweli zaidi ya asilimia 90 hutengenezwa utumboni, lakini haivuki ukuta unaolinda ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Serotonini ya tumboni husukuma chakula na kugusa neva ya vagasi.

## Na ugonjwa wa Parkinson?

Huko tumbo linaonekana kuhusika mapema zaidi. Wengi huanza kufunga choo miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Mwaka 2003 mtaalamu wa Ujerumani, Heiko Braak, alitoa wazo kwamba kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa hupanda kutoka utumboni kwa kufuata neva ya vagasi. Haijathibitishwa kwa wote, na kufunga choo ni jambo la kawaida mno kwa wazee kiasi kwamba peke yake halitabiri chochote.

## Kuna kipimo cha choo kinachoonyesha kama mtu atapata dimenshia?

Hakuna. Wapo wanaouza vipimo vya bakteria wa choo na kukuletea ripoti yenye rangi nzuri. Hakuna daktari anayeweza kuitumia ripoti hiyo kutambua ugonjwa wa kusahau. Pesa hizo kapime masikio na macho ya mzee. Kupoteza usikivu na uoni kumo kwenye orodha ya mambo 14 ambayo kamati ya wataalamu wa jarida la Lancet, mwaka 2024, ilisema yakishughulikiwa yote yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Kisukari, shinikizo la damu na unene vimo pia.

## Baba tayari ana Alzheimer. Kuna maana yoyote kuhangaika na tumbo lake?

Ipo kubwa. Mgonjwa aliyefika mbali hawezi kukwambia "tumbo linaniuma" au "sijapata choo". Atakuonyesha kwa njia nyingine: atapiga kelele akikalishwa, atakataa kuvuliwa nguo, atatembea huku na huku usiku, atamsukuma anayemlisha. Mara nyingi hapo watu huomba dawa ya kumtuliza, na nyingi ya dawa hizo hufunga choo zaidi.

Weka daftari dogo karibu na kitanda. Andika tarehe, choo kimetoka au hakikutoka, kigumu au laini, amekula kiasi gani, amekunywa vikombe vingapi. Mkalishe chooni kila siku dakika 20 au 30 baada ya kifungua kinywa, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana hujisukuma wenyewe, na nguvu hiyo ni kubwa asubuhi. Weka kigoda chini ya miguu yake ili magoti yapande. Mpe faragha, mlango ukiwa umerudishwa bila kufungwa, wewe ukiwa nje karibu. Mama yangu hupenda nimwimbie hapo nje. Siku za kwanza alikaa bila kitu. Ilikuwa wiki ya pili ndipo aliponiita kwa jina langu na kusema, "Njoo, tayari."